Kila Mgonjwa na Dawa Yake

Vichupa vilikuwa vimesimama mezani kwenye vishikizo vyake vya chuma, kila kimoja na kifuniko chake cha rangi, na maji yaliyochuruzika kutoka kwavyo yalikuwa yamefika ukingoni mwa meza na kuanza kudondoka sakafuni. Mtu asiyejua angedhani vimetolewa ili kabati lifutwe vumbi. Profesa aliyeongoza taasisi alijua, na ndiyo maana alisimama mlangoni bila kuingia, mikono kiunoni, mishipa ya shingo imemtoka.

"Vimekufa," alisema. "Vyote. Asubuhi mhudumu kafungua mlango, kavikuta hivyo, vuguvugu kama chai iliyosahaulika."

Inspekta alikuwa amekwisha ingia. Kituoni walimpachika jina la Bi Taratibu, na hakuwahi kulikana. Alizunguka meza mara moja, akainama, akavitazama vichupa kwa usawa wa macho, kisha akageukia matangi yaliyopangwa ukutani. Yalikuwa mapipa ya chuma yenye tumbo nene, marefu hadi kifuani kwa mtu wa kimo cha kawaida. Yeye hakuwa wa kimo cha kawaida. Alivuta kigoda kilichokuwa kando ya tangi la katikati, akapanda, akachungulia ndani. Ubaridi ulimpiga usoni.

"Nieleze kama unamweleza mtoto, Profesa. Humu mlikuwa na nini?"

Profesa alishusha pumzi. Alikuwa mtu aliyezoea kueleza, na kueleza kulimtuliza. Alisema kuwa saratani ya kongosho ni jeuri kuliko nyingi. Hujificha, hugunduliwa wakati umekwisha pita, na dawa inayomsaidia huyu haimgusi yule. Kwa hiyo wao walikata kipande kidogo cha uvimbe wa mgonjwa, wakakikuza kwenye sahani za maabara hadi seli zikaongezeka, halafu wakazimwagia dawa moja baada ya nyingine. Dawa iliyoziua kwenye sahani ndiyo aliyopewa mwenye mwili. Seli za akiba walizigandisha humo, kwenye nitrojeni ya baridi kali.

"Badala ya kubahatisha juu ya mtu, mnabahatisha juu ya sahani," alisema Sajini, msaidizi wake Inspekta, mtu mnene mwenye ulimi usiotulia.

"Hatubahatishi," Profesa alimkata. "Kila mgonjwa na dawa yake. Hiyo ndiyo kazi yetu. Na aliyeiharibu mnamjua. Ni yule kinyozi. Dada yake alikuwa mgonjwa wetu wa kwanza. Alipofariki, jamaa akaja hapa kutupigia makelele, ati turudishe nyama ya dada yake akaizike. Aliapa mbele ya watu kwamba tutajuta."

"Tutamwona," Inspekta alisema akiwa bado juu ya kigoda. "Humu ndani kuna vishikizo vimebaki. Hivi ni vya nani?"

"Damu za watoto. Utafiti mwingine, hauhusiani."

"Havikuguswa?"

"Inaelekea hivyo." Profesa alitazama saa yake. "Inspekta, mkishamaliza kupiga picha, hivi vya mezani tungependa tuvipeleke kwenye tanuri leo hii. Ni taka hatari. Sheria za maabara."

Inspekta alishuka. Karibu na mlango, glavu nene za baridi zilining'inia kwenye ndoano yake na kinga ya uso ilikuwa juu yake, mahali pake hasa.

"Sajini," alisema, "tia kila kichupa kwenye sanduku la barafu. Vyote vinakwenda kwa mkemia wa serikali."

"Lakini nimekwambia vimekufa!" alisema Profesa.

"Nimesikia. Hata maiti hupelekwa kupimwa."

Walipokuwa kwenye gari Sajini alikuwa amekwisha kumhukumu kinyozi. Inspekta alimwacha amalize, kisha akamwuliza swali moja tu: mtu mwenye hasira, aliyekuja kuvunja, angeacha kuvunja nini?

"Asingeacha kitu."

"Huyu kavaa glavu, kavaa kinga, kachagua vishikizo, damu za watoto kaziacha kwenye ubaridi wake, kisha karudisha glavu kwenye ndoano. Hasira gani hiyo yenye adabu?"

Kinyozi alikuwa na duka la viti viwili, vioo vyake vimebandikwa picha za mitindo iliyopitwa na wakati. Alikuwa mrefu kama mlingoti, na alilazimika kuinama kila alipokifikia kisogo cha mteja. Alipowaona hakushtuka. Alimaliza upande wa kushoto wa kichwa cha mteja, akamwomba radhi, akawasha redio juu kidogo na kuwasogeza wageni wake nyuma ya pazia.

"Ni habari za ile taasisi," alisema. "Nimezisikia. Na mimi ndiye niliyetukana, kwa hiyo mimi ndiye mhalifu."

"Jana usiku ulilala wapi?" Inspekta aliuliza.

"Kwenu."

"Kwetu wapi?"

"Kituo kidogo cha huku kwetu. Mimi na mwenye nyumba tulishikana mashati, mama. Wametutia ndani wote wawili, chumba kimoja, tukaamka tumepatana. Asubuhi ndiyo wametufungulia."

Sajini alitoka nje na simu yake. Alirudi amekunja uso kama mtu aliyemeza kitu kichungu. "Ni kweli," alisema. "Tulikuwa naye sisi wenyewe."

Kinyozi hakucheka, ingawa nafasi ilikuwepo. Inspekta aliketi kwenye benchi. "Basi nisaidie. Kwa nini ulitaka ile nyama?"

"Kwa sababu walituambia ni yake peke yake." Alikuwa akifuta wembe kwa kitambaa, akiufuta tena ungali safi. "Walikuja nyumbani, wakakaa na mama yetu, wakamwambia: hii dawa tumeipima juu ya saratani ya binti yako, hakuna mwingine duniani anayeihitaji hii. Na ilimsaidia, sikatai. Alipata nguvu, akarudi kupika, akaanza kunigombeza kama zamani. Baadaye ikamzidi. Hilo ni la Mungu. Lakini siku zake za mwisho wodini, nikamwona mgonjwa wa kitanda cha pili naye anatundikiwa mfuko uleule."

"Mfuko gani?"

"Dawa yake dada haikutakiwa kupigwa na mwanga. Mfuko wa dripu walikuwa wanaufunika kwa karatasi ya rangi ya udongo, kama mkate wa dukani. Huwezi kuikosea. Sasa yule mzee wa pili naye akaletewa uliofunikwa. Nikamwuliza, akasema na yeye kaambiwa ni yake peke yake. Nikajiuliza, hawa wanatuchezea? Nikasema basi, kama mlidanganya, nipeni mwili wa dada yangu wote, msibakize hata ukucha."

"Uliwaeleza haya?"

"Nilianza kuyaeleza nikiwa nimetulia. Walipokataa kunisikiliza ndipo nikayaeleza kwa kelele. Wao wamezikumbuka kelele tu."

Njiani kuelekea wodini Sajini aliendesha gari polepole kuliko kawaida yake. Mwishowe alisema, "Labda dawa hiyo ni nzuri kwa wengi."

"Labda," alisema Inspekta. "Twende tukawaulize hao wengi."

Wodi ilikuwa ghorofa ya juu, ndefu, yenye madirisha makubwa na harufu ya sabuni ya sakafu. Kwenye kitanda cha mwisho alilala mgonjwa mpya wa utafiti, mwalimu mstaafu wa hesabu, mifupa ya mashavu imemchomoza, miwani ikimteleza puani. Binti yake alikuwa akimkata kucha. Inspekta aliwasalimu, akamwamkia mzee, naye akaitika kwa sauti ya mtu aliyezoea darasa kubwa.

"Marahaba, mwanangu. Polisi wanakuja kuona wagonjwa siku hizi?"

"Wanakuja kujifunza, Mwalimu. Nasikia unaanza dawa."

"Kesho asubuhi," binti alidakia. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyesali sana na sasa anaona mlango unafunguka. "Wameipima kwenye saratani ya baba mwenyewe. Ni kali, wametuonya, inaweza kuchoma figo. Lakini kwenye sahani imeua zote. Zote! Profesa alituonyesha picha."

"Na hizi habari za vichupa kuharibika?"

"Ametuambia tusihofu. Kipimo kilikwisha fanyika, dawa imekwisha chaguliwa. Vichupa vilikuwa akiba tu."

Inspekta alimpata sista mkuu kwenye chumba cha dawa, akihesabu sindano. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na alijibu bila kuinua kichwa. Dawa ya Mwalimu ilikuwa imekwisha fika. Mfuko wake ulifunikwa, ndiyo, kwa karatasi ya rangi ya udongo.

"Wagonjwa wote wa utafiti huu, tangu mwanzo, walipewa dawa gani?"

Sista aliweka sindano chini. Inspekta aliona swali likimwingia polepole, kama maji kwenye kitambaa kikavu.

"Hiyohiyo," alisema. "Sisi tunaletewa kutoka juu, hatuulizi. Wote hiyohiyo."

"Iliwasaidia?"

"Yule dada wa kinyozi ilimsaidia. Waliofuata..." Alisita. "Waliofuata iliwamaliza nguvu tu."

Ngazini Inspekta alisimama. Sajini aliyemfuata nyuma nusura ampande mgongoni.

"Kila mgonjwa na dawa yake," Inspekta alisema. "Wamepima watu mbalimbali, wakajaribu dawa kochokocho, na kila safari jibu likawa moja. Kama ni jibu moja, pengine aliyeulizwa ni mmoja."

"Sijakupata."

"Mimi mwenyewe bado sijajipata sawasawa. Tumwite yule daktari mfupi wa maabara."

Daktari mfupi alikuwa mtafiti wa maabara ileile, mwanamke kijana aliyekuza seli zote kwa mkono wake. Asubuhi alikuwa ametoa maelezo yake kama wenzake: hakuona, hakusikia. Sasa walikaa naye kwenye chumba cha chai cha taasisi, penye birika la umeme na vikombe visivyofanana. Alikaa ukingoni mwa kiti, miguu imeunganishwa.

"Kigoda cha kando ya tangi ni cha nani?" Inspekta alianza.

"Cha kila mtu."

"Profesa anakihitaji?"

"Hapana."

"Mhudumu?"

"Hapana. Ni mimi peke yangu ninayekitumia, kama ndilo unalotaka kujua. Hakithibitishi kitu, kipo siku zote."

"Kweli kabisa. Tukiache." Inspekta alimimina chai, akamsogezea kikombe. "Kuna kitu kinanisumbua zaidi. Mkitaka kumaliza kabisa vitu kama vile, mnafanyaje?"

"Tunavichoma kwenye tanuri."

"Liko mbali?"

"Mwisho wa korido."

"Basi aliyefanya hili angeweza kuvichoma. Hakuvichoma. Aliviweka mezani, wima, kwa mpangilio, majina yanasomeka. Hakutaka seli ziishi, wala hakutaka zipotee. Nimempigia mkemia wa serikali. Nilimwuliza seli iliyokufa inafaa nini. Akaniambia haikui tena, haipimiki kwa dawa tena, lakini vinasaba vyake bado vimo. Bado inaweza kusema ni ya nani."

Daktari alikishika kikombe kwa mikono miwili. Hakunywa.

"Itasema ni ya nani, Daktari?"

"Mngoje mkemia."

"Mkemia atachukua wiki. Mwalimu anatundikiwa dripu kesho asubuhi."

Kikombe kiligonga meza. "Hawezi. Vichupa vimeharibika, utafiti umesimama. Lazima usimame, sheria inasema—"

"Profesa kawaambia wenyewe wasihofu. Kipimo kilikwisha fanyika, vichupa ni akiba tu. Nimetoka huko sasa hivi. Dawa iko kwenye chumba cha sista, imefunikwa karatasi."

Daktari alimtazama Sajini, akamtazama Inspekta, kama mtu anayetafuta ni yupi kati yao anayetania. Kisha aliinamisha kichwa, na alipoanza kumwaga mtama aliumwaga wote.

Alikuwa akifanya kazi ya kawaida, alisema, kuhakiki vinasaba vya seli za Mwalimu kabla ya kuandika makala. Mwalimu ni mwanamume. Seli zilizobeba jina lake zilikuwa za mwanamke. Alidhani amekosea, akarudia. Akachukua za mgonjwa wa kabla yake, na za kabla ya huyo. Zote mwanamke, na zote mwanamke mmoja.

"Dada wa kinyozi," alisema Inspekta.

"Seli zake zilikua haraka kupita zote. Tone moja likirukia sahani ya mwingine, chupa moja ya chakula cha seli ikitumiwa mara mbili, basi. Zinaingia, zinakula, zinaongezeka, za mwenyewe zinakufa kimyakimya. Baada ya muda sahani imejaa, unafurahi, kumbe unamkuza mtu mwingine. Tulikuwa tunampima yeye kila siku. Amekufa, na sisi tunampima tu, kisha tunawapa wenzake dawa yake."

"Ulimwambia nani?"

"Mjomba."

Sajini aliinua macho. "Mjomba yupi?"

"Profesa. Ni kaka yake mama yangu. Amenilea tangu nikiwa na meno ya utoto, amenisomesha, wenzangu hapa hawajui." Alizungumza kwa sauti kavu, kama anasoma matokeo ya mtu asiyemjua. "Alisema tusubiri makala itoke, halafu tutasahihisha polepole. Nilimpigia magoti. Akaniambia nisimvue nguo mbele za watu."

"Kwa hiyo hukumvua."

"Nilidhani zikifa, kazi itasimama yenyewe, na hakuna atakayeaibika. Na kama siku moja mtu atataka kujua, zitakuwepo kuulizwa."

"Ulitaka sisi tuseme kwa niaba yako," Inspekta alisema. Hakulisema kwa ukali. "Sasa hatutawahi. Unayeweza kuwahi ni wewe."

Asubuhi yake waliingia wodini pamoja. Profesa alikuwa amekwisha fika, koti lake jeupe limenyooka, akimweleza binti jambo kwa upole. Mfuko wenye karatasi ulining'inia kwenye nguzo yake na mrija ulikuwa umeunganishwa na mkono wa mzee. Sista alikuwa na kidole kwenye gurudumu dogo la kufungulia.

"Sista, usifungue," alisema daktari.

Profesa aligeuka. Alimwona mpwa wake, kisha akawaona walio nyuma yake, na tabasamu likamkaukia mdomoni. "Rudi maabara," alisema. "Tutaongea."

"Tumeongea, Mjomba." Neno hilo lilimfanya sista ageuke. Daktari alisogea hadi miguuni mwa kitanda. "Mwalimu, sahani tulizokuonyesha hazikuwa zako. Ni seli za mgonjwa mwingine zilizoingia kwenye zako. Hii dawa iliua saratani yake yeye. Yako hatujui. Hatukuwahi kuipima."

Binti aliachia chuma cha kando ya kitanda. "Nini?"

"Ni hitilafu ndogo ya maabara," Profesa aliingilia haraka. "Hutokea kila mahali duniani. Dawa yenyewe inajulikana, ina uwezekano mzuri, na kwa hali ya mzee hatuna muda wa kuanza upya. Inspekta, wewe si daktari. Huna mamlaka juu ya dripu hii."

"Sina," Inspekta alikubali. "Mwenye nayo ni yeye." Alimwelekezea macho mzee.

Mwalimu alisukuma miwani yake juu ya pua. Alimtazama Profesa kwa muda, bila hasira, jinsi alivyowatazama wanafunzi waliosimama ubaoni.

"Swali moja, Profesa. Ndiyo au hapana. Ulijua?"

"Mzee wangu, sayansi haiendi hivyo. Kuna viwango vya uhakika, kuna hatua za—"

"Nimeuliza ndiyo au hapana."

Profesa aligeukia mfuko wa dawa, akainyoosha karatasi yake. Mgonjwa wa kitanda cha jirani alikuwa ameacha kukohoa ili asikilize.

"Mbona hili ni jepesi," alisema Mwalimu. Akamgeukia sista. "Niondolee, mwanangu."

Sista aliuchomoa mrija, akabandika pamba, akaushusha mfuko ukiwa umejaa vilevile na kuondoka nao mikononi kama anabeba mtoto wa mtu. Binti alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Alikuwa akilia, na hakujali nani anamwona. Ni yeye aliyekuwa ameambiwa kwamba seli zote zilikufa.

"Sasa kimebaki nini?" alimwuliza daktari. "Niambie wewe, usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa."

"Kuna dawa za kawaida, wanazopewa wote. Hazitamponya. Zinaweza kumpa muda, na hazitamchoma figo. Huenda akala vizuri."

"Muda gani?"

"Sijui. Nikitaja, nitakuwa nadanganya tena."

Mzee aliupapasa mgongo wa binti yake kwa mkono wenye pamba. Kisha akasema anazitaka hizo za wote, na kama hawana haraka, anywe uji kwanza.

Inspekta alimshika Profesa kiwiko, akamtoa kitandani hapo bila kumvuta. Koridoni walipita akina mama waliokuwa wakisubiri matokeo, na wawili kati yao walisimama kumsalimu kwa heshima. Aliwaitikia wote. Alipofika kwenye lifti alimwuliza Inspekta, kwa sauti ya chini, kama ingewezekana watumie ngazi za nyuma.

"Hapana," Inspekta alisema, akabonyeza kitufe.